Afadhali Fimbo Kuukuu ya Kweli

Draiva mpya ya kampuni yenye jina, ile fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza, huuzwa Marekani kwa karibu dola 600. Kwa pesa zetu ni kama Sh77,000, na hapo hujalipia usafiri, ushuru wa forodha wala VAT ya asilimia 16. Kwa hiyo kijana wa Kisumu akionyeshwa draiva hiyo hiyo kwenye simu, mpya, ingali na nailoni kichwani, kwa Sh12,000, asidhani amebahatika. Anauziwa feki.

Kuna msomaji atakayeuliza kwa nini ukurasa huu unahangaika na fimbo za gofu wakati mifereji ya mitaani imekauka na magugumaji yanaziba fuo. Ana haki ya kuuliza. Jibu letu ni kwamba anayeibiwa hapa si tajiri. Mwenye pesa hununua dukani Nairobi, au humwagiza jamaa anayerudi kutoka Dubai, na akikosea hununua nyingine. Anayeibiwa ni kedi aliyebeba mifuko ya wenzake kwa miaka, akaweka akiba ili siku moja naye acheze. Ni mzazi aliyeona binti yake ana mkono mzuri akaamua kujinyima. Ni mwalimu anayetaka kuanzisha timu ya shule na mfukoni ana pesa za seti moja tu. Watu hawa hununua mara moja, na wakidanganywa hawana pa kuanzia tena.

Gofu si mgeni kwenye ufuo huu wa Kisumu. Reli ilifika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, na Waingereza walioifuata walikuja na michezo yao. Klabu ya Nyanza ya hapa mjini hutajwa hadi leo na wanagofu wa nchi za mbali kwa kanuni yake ya mwaka 1950: mpira ukisimama karibu na kiboko au mamba, mchezaji aliruhusiwa kuangusha mwingine mahali salama bila adhabu. Enzi hizo Mwafrika aliingia uwanjani akiwa na mfuko wa mtu mwingine begani. Leo eneo hili la magharibi limeipa Kenya mchezaji wa kulipwa kama Dismas Indiza wa Mumias, na vijana wanaobeba mifuko wanataka fimbo zao wenyewe. Hamu hiyo ndiyo inayowindwa na wauzaji wa feki.

Feki ya siku hizi haitambuliki kwa macho peke yake. Rangi ni ile ile, maandishi ni yale yale, hata kofia ya kufunikia kichwa cha fimbo ina nembo. Tofauti iko ndani. Kichwa cha draiva ya kweli kina uwazi ndani, kimeundwa kwa titani au kwa titani na kaboni, na uso wake unaogonga mpira ni mwembamba, karibu milimita tatu, ili ubonyee kidogo na kurudi. Unene huo hupimwa kwa uangalifu mkubwa. Mwigaji hana muda wa hayo. Hutumia chuma cha bei ya chini au aluminiamu, kisha humimina gundi ndani mpaka uzito ukaribie ule unaotakiwa. Titani haishikwi na sumaku, kwa hiyo uso unaodaiwa kuwa wa titani ukinaswa na sumaku, usiendelee kujadili bei. Lakini sumaku isiposhika, hilo nalo si ushahidi, kwa sababu aluminiamu pia haishikwi.

Madhara makubwa zaidi yako kwenye aironi, zile fimbo za chuma zenye namba. Kila moja imelazwa nyuzi chache kuliko inayoifuata, kwa kawaida nyuzi tatu hadi tano, ili mpira wa namba 7 uende kama mita kumi zaidi ya ule wa namba 8. Mchezo wote umejengwa juu ya imani hiyo. Mchezaji husimama, hukadiria umbali, huchagua namba, hupiga. Katika seti feki nyuzi hazina mpangilio. Namba 7 na namba 8 zinaweza kupeleka mpira mahali pamoja, halafu namba 6 ikarusha mbali kupita kiasi. Mpini mmoja, yaani shafti, ni mgumu, wa pili unanepa, ingawa yote ina kibandiko kimoja. Mtu mzima aliyecheza miaka mingi atashuku. Mtoto anayejifunza hawezi. Yeye hujilaumu mwenyewe. Hubadili mshiko, hubadili alivyosimama, huanza kupinda kiwiko, na mwaka unakatika akirekebisha kosa lisilo lake. Kocha anamwambia hivi, fimbo inamjibu vile. Mwishowe anaamini kwamba hana kipaji, anaacha. Kwetu sisi huo ndio wizi wenyewe, na zile Sh12,000 ni sehemu yake ndogo.

Kuna hatari ya mwili pia. Kichwa cha draiva kina uzito wa gramu 200 hivi, na mwanamume wa kawaida hukizungusha kwa kasi inayokaribia kilomita 150 kwa saa. Kinachokishikilia kwenye shafti ni gundi iliyo shingoni. Gundi ikiwa ya ovyo, kichwa huchomoka, na mbele au kando kuna watu wamesimama.

Tena fimbo hiyo haina nafasi katika mashindano. Kanuni za gofu, zinazosimamiwa na R&A ya St Andrews pamoja na USGA ya Marekani, zinamruhusu mchezaji fimbo 14 tu mfukoni. Zinataka kichwa cha draiva kisizidi sentimita za ujazo 460, na zinaweka kikomo cha jinsi uso wake unavyoruhusiwa kurudisha mpira. Kampuni hupeleka kila aina ya draiva ikapimwe kabla ya kuuzwa. Ya mwigaji haikupelekwa kokote. Jina lililoandikwa juu yake ni la fimbo nyingine iliyopimwa. Anayepiga mpira mashindanoni kwa fimbo isiyotimiza kanuni huondolewa.

Wapo wanaosema hata zile za kweli zinatoka China, basi tofauti ni nembo tu. Ni kweli vichwa vingi vya Titleist, TaylorMade na Callaway huundwa China. Nchi haina kosa. Suala ni nani alipima, nani alitupa zilizoharibika, na nani atakujibu ikivunjika. Kampuni kubwa zimeshirikiana tangu 2004 kuwasaka waigaji, na mwaka 2020 polisi wa Shanghai walinasa bidhaa feki za gofu zaidi ya 120,000 katika msako mmoja. Mzigo wa ukubwa huo haukutengenezwa ili uuzwe Shanghai peke yake. Unatafuta soko mahali ambapo wanunuzi ni wengi na wakaguzi ni wachache, na sisi tuko mahali hapo.

Ushauri wetu kwa asiye na pesa nyingi ni huu: nunua kuukuu ya kweli, acha mpya ya uongo. Watu wa Kisumu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mama anayeingia soko la Kibuye Jumapili hugeuza shati la mtumba ndani nje, hukagua mshono na lebo, na hulichagua mbele ya shati jipya litakalochuja rangi likifuliwa mara ya pili. Fimbo ya gofu ni hivyo hivyo, tena yenyewe hukaa zaidi. Aironi za Ping Eye 2 zilianza kuuzwa mwaka 1982, na seti zake bado zinachezwa. Ping ilianzishwa mwaka 1959 na Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway, na huchonga namba kwenye kichwa cha fimbo na kuweka kitone cha rangi kinachoonyesha pembe kati ya shafti na ardhi. Fimbo ya umri huo, ikibadilishwa gripi, yaani pa kushikia, kwa pesa kidogo, itamfundisha mtoto gofu ya kweli. Draiva ya miaka 15 iliyopita haipishani sana kwa umbali na ya mwaka huu mikononi mwa mchezaji wa kawaida, hata kama matangazo yanasema vingine.

Hapa tunataka tueleweke vizuri. Bei ya chini si kosa. Zipo fimbo zisizo na jina kubwa, zinazouzwa kwa jina lao dogo bila kumdanganya mtu, na anayeanza anaweza kuzitumia bila aibu. Kenya ililijadili jambo hili kwa uzito mkubwa kuliko wa gofu. Aprili 2012 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kwamba jinsi sheria ya bidhaa ghushi ilivyoeleza neno hilo ilikuwa pana mno, hata ikahatarisha haki ya wagonjwa wa Ukimwi kupata dawa za bei nafuu zilizo halali. Eneo hili la ziwa, lililozika watu wengi kwa ugonjwa huo, lilijua uamuzi ule ulimaanisha nini. Dawa isiyo na jina la kampuni kubwa ni dawa. Dawa iliyoandikwa jina la uongo ni sumu inayosubiri. Yeyote anayepigania bidhaa halisi na akazichanganya hizo mbili anawasaidia wenye maduka ghali tu.

Sheria yenyewe ipo na ina meno. Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 inampa muuzaji anayepatikana na hatia mara ya kwanza kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya mali hiyo, au vyote viwili. Akirudia, kifungo kinaweza kufika miaka 15 na faini huanzia mara tano. Inamlenga anayefanya biashara, si mtoto aliyenunua ili achezee. Shida ni kwamba malalamiko kwa kawaida hungojwa kutoka kwa mwenye nembo, na mwenye nembo yuko Carlsbad huko California au Phoenix huko Arizona. Hawezi kujua kinachouzwa mtaani Kondele. Lakini sheria hiyo hiyo inairuhusu Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi, ACA, kuchukua hatua yenyewe bila kungoja mlalamishi. Tunaitaka itumie ruhusa hiyo hapa, na isiishie kwenye vibanda. Anayepaswa kutafutwa ni mwenye kontena, na mwenye ukurasa wa mtandaoni unaobadilishwa jina kila baada ya miezi michache.

Wala hatuombi msako huu kwa ajili ya gofu peke yake. Mvuvi wa Dunga au Usenge anayenunua plagi au pampu ya injini ya boti anasimama mbele ya swali lile lile: jina kwenye boksi ni la kweli? Yeye akidanganywa, injini humzimikia katikati ya maji na upepo wa alasiri umeshaanza. Ofisa anayejua kufuatilia boksi moja la uongo kutoka dukani hadi bandarini atajua kufuatilia mengine yote.

Kuna mambo ambayo hayahitaji serikali. Klabu ya Nyanza inaweza kuweka meza moja yenye mizani, sumaku na kipimo cha nyuzi, na siku moja kila mwezi mtu yeyote, mwanachama au kedi, akaleta fimbo yake ikaguliwe bila malipo na bila kuulizwa alikoipata. Wanachama wenye seti za zamani zinazoota kutu stoo au kwenye buti ya gari wazitoe, ziwekwe pamoja, ziazimwe kwa vijana kwa kuandikishwa. Klabu za Kakamega na Kericho zinaweza kufanya vivyo hivyo. Na kijana atakayekutwa na feki asifukuzwe uwanjani wala asichekwe. Aazimwe fimbo ya kweli siku hiyo hiyo, na ile yake iangaliwe shingo kwanza kabla hajaizungusha tena mbele za watu.

Kwa aliye karibu kununua: omba picha ya namba iliyo shingoni, uitume kwa kampuni yenyewe uulize. Piga kila aironi mipira kadhaa uone kama namba zinapishana. Lipa baada ya hapo. Mwenye mali halali atakupa siku mbili za kungoja jibu. Anayekuharakisha kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani, mwachie huyo mteja.