Tusitundike Uchumi Wetu Kwenye Kamba Moja

Kila zinapotangazwa takwimu za watalii, wananchi na viongozi hufurahi pamoja. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya nusu milioni. Mwaka 2024 idadi hiyo ilipindukia laki saba. Hizo ni habari njema, nasi hatuna nia ya kuzitia shubiri. Hata hivyo ni wajibu wetu kuuliza swali ambalo halimo katika takwimu hizo: katika kila shilingi anayoilipa mgeni, ni senti ngapi zinazobaki mikononi mwa mwananchi wa Kiwengwa, wa Bambi na wa Micheweni?

Tunauliza kwa sababu sisi ni watu wa visiwa vidogo. Unguja na Pemba kwa pamoja hazifikii kilomita za mraba 2,700. Hatuchimbi dhahabu wala chuma, wala hatuna mto mkubwa wa kuendesha mitambo. Sensa ya mwaka 2012 ilitukuta watu 1,303,569. Ile ya mwaka 2022 ikatukuta watu 1,889,773. Katika miaka 10 wameongezeka karibu watu laki sita wanaohitaji chakula, kazi na makaazi, na ardhi haikuongezeka hata shibiri moja. Nchi ya namna hii haina nafasi ya kurudia kosa lile lile mara mbili, na kosa lenyewe tunalijua vyema. Ni kutegemea kitu kimoja.

Wazee wetu waliishi kwa karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mbeba mzigo. Baada ya Mapinduzi ya 1964, zao hilo ndilo lililotuletea fedha za kigeni tulizozitumia kwa shule, hospitali na nyumba za wananchi. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu hutiwa ndani ya sigara. Kisha Indonesia ikapanda mikarafuu yake kwa wingi, na katika miaka ya 1980 ikawa haina haja tena ya karafuu zetu kama zamani. Bei ikaanguka. Hakuna mchumaji wa Pemba aliyekosea. Mikarafuu iliendelea kuzaa kama desturi yake. Uamuzi ulikatwa ng'ambo ya bahari, na dhiki ikaingia majumbani mwetu.

Ndipo mwaka 1984 biashara ilipofunguliwa, na mwaka 1986 ikapitishwa sheria ya kulinda vitega uchumi. Milango ya utalii ikafunguka. Huo ulikuwa uamuzi wa busara na umewapatia riziki maelfu ya vijana wetu. Lakini tukumbuke mwaka 2020. Maradhi ya korona yalipofunga viwanja vya ndege duniani, wageni wetu walipungua hadi karibu nusu ya wale wa mwaka uliotangulia, na vijana waliokuwa wakifanya kazi mahotelini wakarudi vijijini mikono mitupu. Mara hii pia uamuzi ulikatwa ng'ambo ya bahari. Tumebadilisha zao, hali yetu ya kutegemea haijabadilika.

Wakaazi wa Unguja wanayo kumbukumbu nyingine. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 waliishi bila ya umeme kwa takriban miezi mitatu, kwa sababu waya mmoja uliopita chini ya bahari uliharibika. Tulizinduka, na mwaka 2013 ukaanza kutumika waya mwingine wenye nguvu zaidi. Katika umeme tulikubali kwamba kamba moja haitoshi. Katika uchumi bado tunasitasita.

Wapo wanaosema kwamba nchi ndogo haina hila. Tunawaomba waitazame Mauritius, jirani yetu katika Bahari ya Hindi, yenye eneo dogo kuliko letu. Ilipopata uhuru mwaka 1968, karibu kila kitu chake kilitegemea miwa. Sukari yake ilikuwa na soko la uhakika Ulaya, lakini viongozi wake hawakungoja soko hilo life. Mwaka 1970 walitunga sheria ya viwanda vya kuuza nje. Vikaja viwanda vya nguo, ikaja mahoteli, zikafuata huduma za fedha. Mpango wa sukari wa Ulaya ulipokwisha mwaka 2009, nchi haikuzama. Walitumia neema ya zao moja kuanzisha jingine.

Waliosoma chuoni wanakijua kisa cha Nabii Yusuf. Alipofasiri ndoto ya mfalme hakuwaambia watu washangilie miaka saba ya neema. Aliwaambia walime kwa bidii, na mavuno wayaache katika mashuke yake, ila kidogo cha kula. Na alipoomba kukabidhiwa hazina za nchi, alizitaja sifa zake mbili: kwamba yeye ni mtunzaji, na kwamba ni mjuzi. Hizo ndizo sifa tunazozitaka kwa kila mtumishi wa Serikali katika miaka hii yetu ya neema.

Mjuzi na aingie katika jiko la hoteli atazame kilichomo. Ataona mchele wa ng'ambo, na pengine hata mboga na matunda yaliyovuka bahari, ilhali shamba la mwananchi liko mwendo mfupi kutoka hapo. Akimuuliza mwenye hoteli, atajibiwa kwamba mkulima huleta tungule wiki hii, wiki ijayo hana. Akimuuliza mkulima, ataambiwa kwamba malipo huchelewa, na tungule zisizonunuliwa leo huoza kesho kwa kukosa chumba cha baridi. Wote wawili wana haki. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaunganisha.

Kwa hiyo tunatoa wito wa mambo matatu.

Kwanza, viwepo vituo vya kukusanya mazao na samaki vyenye vyumba vya baridi, vikiendeshwa na ushirika wa wakulima na wavuvi wenyewe. Mwekezaji anapopewa ardhi, mkataba wake utaje kiasi atakachonunua hapa nchini na siku ya kulipa. Mali bila daftari huisha bila habari.

Pili, ardhi yenye rutuba ilindwe. Baada ya Mapinduzi wananchi waligaiwa eka tatu tatu ili walime, na leo katika viunga vya mji mengi ya mashamba hayo yameota nyumba. Shamba lililojengwa halirudi kuwa shamba. Anayetia saini kibali cha kujenga katika bonde la mpunga ajue kwamba anatia saini shehena ya mchele wa kununua.

Tatu, tuache kuuza jasho letu likiwa bichi. Tangu mwaka 1989 mwani unalimwa katika pwani zetu, na wakulima wake wengi ni akina mama. Wanasimama majini kwa saa nyingi, wanaanika, kisha mwani mwingi unasafirishwa ukiwa mkavu vivyo hivyo, na bei anaipanga mnunuzi. Kiwanda cha Wawi kimetuonyesha kwamba hata makonyo ya karafuu hutoa mafuta yenye thamani. Akina mama wa mwani nao wanastahili viwanda vyao.

Nasi tulio katika Chama tujikosoe. Tumezoea kwenda kukata utepe wa jengo jipya, na ni mara chache tunarudi baada ya mwaka kuuliza kijiji jirani kimepata nini. Swali hilo liulizwe katika kila tawi na kila wadi, na wanaohusika walijibu kwa hesabu.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtalii hatutampa jembe. Amekuja kupumzika, na tumkirimu kama ilivyo ada yetu. Lakini sisi wenyeji tusilitupe jembe letu tukakaa kumtazama akila. Chakula kilicho katika sahani yake na kitoke katika mashamba yetu na bahari yetu, ili siku atakapoacha kuja tuwe bado tuna cha kula na cha kuuza.