Bustani ya Buleusa ianze na asiyeweza kufika

Ukiuliza mahali pa michezo katika kijiji chochote cha Masisi au Walikale, huko Kivu Kaskazini, utaonyeshwa uwanja wa mpira ulio pembeni ya shule au kanisa, wenye magoli ya miti na nyasi zilizokwisha kwa kukanyagwa. Uwanja huo una thamani yake na hakuna anayetaka ufutwe. Lakini tazama walio ndani yake saa kumi jioni: ni wavulana na vijana wa kiume, wenye miguu mizima. Dada zao wako kwenye chemchemi, au wamebeba wadogo zao mgongoni. Wazee wamebaki nyumbani. Mtoto ambaye miguu yake haimchukui, au aliyepoteza mguu kwa risasi, yuko kizingitini akisikiliza kelele za wenzake. Buleusa na vijiji vinavyofanana nayo vinahitaji bustani ya michezo ya watu wa rika zote, na mchoro wa bustani hiyo uanze na yule ambaye leo hawezi kufika. Ukimfungulia yeye njia, wengine wote watapita. Ukianza na mwenye nguvu, mdhaifu hutafutiwa nafasi mwishoni, wakati nafasi imekwisha.

Buleusa iko Ikobo, wilayani Walikale, upande unaokaribia Lubero, katika eneo ambalo Wakobo, Wanande na Wahutu wanaishi jirani. Mwaka 2016 jina lake lilisikika kwa sababu ya kambi ya wakimbizi wa ndani na mvutano kati ya jamii hizo. Mahali kama hapo, kuchagua kiwanja ni uamuzi mzito kuliko kuchagua bembea. Bustani ikiwekwa ndani ya mtaa wa jamii moja, au kwenye ua wa kanisa moja, wengine watahesabu kwamba si yao na hawatakanyaga. Iwekwe kati, karibu na soko au bomba la maji, mahali ambapo kila familia ina sababu ya kupita hata kama haina mtoto wa kucheza. Jimbo letu liliwahi kuwa na Barza la jamii zote, baraza la upatanishi lililoanzishwa mwaka 1998 na kuvunjika mwaka 2005, na lilikuwa la wakubwa wenye vyeo. Mama wawili wa jamii tofauti walioketi benchi moja wakiangalia watoto wao hawahitaji cheo wala posho ya kikao ili wazungumze. Sisemi kwamba bembea itazima bunduki. Ninachosema ni kwamba watu wasiokuwa na mahali pa kukutana bila sababu rasmi hukutana kwenye ugomvi tu, na hilo tunaweza kulibadilisha kwa mikono yetu.

Sasa mchoro wenyewe. Ardhi yetu ni ya milima na mvua, kwa hiyo jambo la kwanza si chombo cha kuchezea, ni njia. Kiti cha magurudumu, mkongojo na mguu wa bibi vyote vinashindwa na adui mmoja, yaani tope kwenye mteremko. Kipimo kinachotumiwa sehemu nyingi duniani ni kwamba kupanda mita moja kunahitaji njia ya urefu wa mita kumi na mbili. Kwenye kilima, maana yake ni kukata matuta kama tunavyokata kwenye mashamba, kisha kuyaunganisha kwa njia inayozunguka polepole, iliyoshindiliwa changarawe, yenye mtaro upande wa juu. Upana uruhusu kiti cha magurudumu kupishana na mama mwenye mzigo. Ukingoni yapangwe mawe yaliyoinuka kidogo ili asiyeona afuate kwa fimbo yake. Mchanga wa kuchezea uwekwe pia kwenye meza ya mbao, kimo cha mtu aliyeketi, ili mtoto asiyeweza kushuka chini achimbe na kumwaga pamoja na wenzake. Bembea moja iwe pana kama kitanda, kwa ajili ya mtoto asiyeweza kuketi wima. Madawati yawe na egemeo la mgongo na la mikono, kwa sababu mzee haogopi kukaa, anaogopa kusimama. Choo kiwe karibu, chenye mlango unaopitisha kiti cha magurudumu; bila choo, wazee na wasichana hawatakaa hata saa moja. Na miti ya kivuli ipandwe kabla ya yote, maana ndiyo inayochelewa kukua.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopaswa kuagizwa kutoka ng'ambo. Walikale ina mbao ngumu, Masisi ina mawe. Fundi anayetengeneza chukudu, ile skuta ya mbao ya kubeba mamia ya kilo kwenye barabara mbovu anajua kuunga mbao zisiachane, na akipewa kipimo cha bembea ataitengeneza.

Umri nao unataka kufikiriwa upya. Wengi wetu tunadhani mchezo ni wa watoto, na mtu mzima anayecheza amekosa kazi. Urithi wa hapa hapa unatupinga. Katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, uliorekodiwa miaka ya 1950 na kuchapishwa mwaka 1969, shujaa anapambana na Sheburungu kwa mchezo wa kubahatisha uitwao wiki. Anapoteza kila kitu, kisha anarudisha kila kitu. Hao si watoto, na mchezo wao si upuuzi. Ubao wa kisoro, yaani bao, uliochongwa kwenye meza chini ya mti utawatoa wazee nyumbani, na mahali penye wazee watoto huwa salama zaidi. Kuhusu wasichana, mji wa Vienna nchini Austria una funzo. Utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wasichana wakivuka miaka tisa walikuwa wanatoweka kwenye bustani, kwa kuwa uwanja mmoja mkubwa ulitawaliwa na wavulana. Mwaka 1999 mji ulipanga upya bustani mbili, ukagawanya viwanja vikubwa kuwa vidogo kadhaa na kuongeza michezo mingine, na wasichana wakarudi. Sisi tunaweza kutenga sakafu ngumu ya nzango, mchezo wa kuruka na kupiga makofi uliokulia katika Congo zote mbili, ambao hauhitaji hata mpira.

Najua jibu linalonisubiri. Kituo cha afya hakina dawa, barabara haipitiki, walimu hawalipwi, nawe unazungumzia bembea? Pingamizi hili ni la haki na linatoka kwa watu wenye uchungu wa kweli. Lakini lina kosa moja: linadhani bustani itakula fedha za dawa. Amsterdam ilipotoka kwenye vita na njaa ya mwaka 1944 na 1945, haikungoja utajiri. Kuanzia mwaka 1947 msanifu majengo Aldo van Eyck, akifanya kazi kwenye ofisi ya mji, alianza kuweka mashimo ya mchanga, vyuma vya kuning'inia na mawe ya kurukia kwenye vipande vya ardhi vilivyokaa wazi, vingine vikiwa vimeachwa na nyumba zilizobomoka. Kufikia mwaka 1978 viwanja hivyo vilikuwa zaidi ya 700. Karibu na kwetu, huko Kibera jijini Nairobi, shirika la Kounkuey lilianza mwaka 2006 kujenga na wakazi maeneo ya umma ambamo mahali pa michezo pako pamoja na maji, vyoo na sehemu ya kufulia, na kikundi cha wakazi ndicho kinachosimamia. Hapo bustani haishindani na maji, inaishi kwa maji. Aliyekuja kuchota analipa kidogo, na hicho kidogo kinarekebisha bembea.

Tena kwa sheria hili si ombi la hisani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 kinataja haki ya kupumzika na kucheza. Mwaka 2015 ikajiunga na mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 30 kinadai mtoto mwenye ulemavu acheze sawa na wengine. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ikaleta ulinzi huo ndani ya nchi. Upande wa fedha, kanuni ya madini ya mwaka 2018 inatenga asilimia 15 ya mrabaha kwa mamlaka ya mahali ambapo madini yanachimbwa, na Walikale ndiyo wilaya yenye machimbo ya bati ya Bisie. Wananchi wana haki ya kuuliza sehemu yake inakwenda wapi, na kutaja bustani kati ya mahitaji yao.

Pingamizi gumu zaidi ni la usalama. Mwezi Machi 2025 kundi la waasi la M23 liliingia Walikale-kati, kisha likaondoka mwanzoni mwa Aprili. Nani ajenge leo akijua kesho atakimbia? Ndiyo maana kazi ianze na vitu visivyobebeka wala kuchomeka: njia, matuta, mawe na miti. Watu wakirudi watavikuta. Mahali pa michezo pa makambini, pa turubai na mabango, husaidia sana siku za dhiki, lakini kambi ikifungwa napo hupotea. Kabla ya jembe la kwanza, ardhi ikaguliwe kama kuna mabomu yaliyosalia, na watu wenye silaha, wa serikali au wa vikundi, wakatazwe kupiga kambi humo, kwa makubaliano yaliyosikilizwa hadharani.

Hatari nyingine haina bunduki. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi yote ni ya Serikali, lakini kijijini anayegawa ni chifu, na kipande kisichoandikwa leo kitauzwa kuwa shamba chifu mwingine akija. Kwa hiyo karatasi itangulie salongo, yaani kazi ya pamoja: mipaka ipimwe mbele ya jamii zote, iandikwe, isainiwe na chifu na ofisi ya sekta, nakala zibaki shuleni na kwenye kituo cha afya. Kamati itakayoisimamia iwe na watu wa kila jamii, nusu yao wanawake, na angalau wawili wanaotembea kwa mkongojo au kiti cha magurudumu. Hao wawili ndio wapewe kazi ya kupita njia yote kabla mafundi hawajalipwa, na pale watakapokwama, fundi arudie.