MAARIFA YA MOTOKAA: Hedi ya Morris Minor na Hatari ya Injini Iliyonyamaza

Wenye motokaa za zamani wengi hufurahi wasikiapo kelele za injini zikipungua. Lakini katika Morris Minor yenye injini ya sentimita za ujazo 948, iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1956 hata 1962, furaha hiyo yafaa ichunguzwe kwanza. Injini hiyo, ikiwa nzima, hugongagonga kidogo kwa juu, kwa maana kati ya roka na shina la valvu pana mwanya wa inchi 0.012 injini ikiwa baridi. Mwanya ukizidi, kelele huzidi, na kila mtu husikia. Ukipungua, kelele hunyamaza, wala hakuna aulizaye. Kumbe huo unaopungua ndio wenye madhara makubwa zaidi.

Sababu yake ni hii. Hedi ya injini hiyo ni ya chuma cha kalibu, na viti vya valvu vimechongwa katika chuma hicho hicho. Tangu miaka ya 1920 petroli ilikuwa ikitiwa madini ya risasi, na majivu yake yalitanda juu ya viti kama ngozi nyembamba ya kuvikinga. Madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto, na kuyaondoa ilikuwa haki. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara, Kenya ikiwamo, zilikuwa zimekwisha kuyaacha ulipoingia mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho ulimwenguni mwaka 2021. Tangu hapo chuma kilipoteza kinga yake. Valvu ya kutolea moshi, ikiwa na moto mkali, hugusa kiti na kushikamana nacho kwa chembe ndogo sana, kisha hufunguka na kuzing'oa. Hivyo kiti huliwa, valvu huzama ndani ya hedi, shina lake hupanda, na mwanya hupotea. Mwisho wake valvu haifungi sawasawa, moshi wa moto hupenya pembeni, na ukingo wake huungua.

Basi, ndugu msomaji, weka daftari. Pima mwanya wa valvu zote 8, uandike tarehe na maili. Ukiona valvu ile ile imepunguza mwanya mara ya pili baada ya kurekebishwa, usiendelee kurekebisha tu; hedi yataka kufunguliwa. Ziangalie hasa valvu mbili za kutolea moshi zilizo katikati, za silinda ya 2 na ya 3. Hizo zimekaa ubavu kwa ubavu na kutumia tundu moja la kutolea moshi, kwa hiyo moto wake ni mwingi.

Fungua hedi injini ikiwa imepoa kabisa, baada ya kumwaga maji. Legeza nati zake 9 kidogo kidogo kwa kupokezana, wala usiimalize moja kabla ya nyingine, hedi isije ikapinda. Zile fito za kusukuma roka zichomeke katika kipande cha kadibodi chenye namba, kila moja irudi mahali pake.

Ukiisha kuisafisha, itazame kwa utaratibu. Kwanza, lalisha rula ya chuma iliyonyoka juu ya uso wake, kwa urefu na kwa pembe mpaka pembe, ukijaribu kupitisha chini yake bapa za kupimia mwanya. Bapa ya inchi 0.004 ikipita, uso huo wafaa kukwanguliwa kwa mashine. Lakini zikwanguliwe chembe zinazohitajiwa tu, kwa maana chumba cha moto kikipungua, mgandamizo huzidi, na injini huweza kugonga ipandapo mlima. Pili, tafuta ufa kati ya viti viwili vya chumba kimoja, ambapo chuma ni chembamba. Ukiwa na shaka, ipeleke kwa fundi mwenye chombo cha kuijaribu kwa maji ya nguvu. Tatu, tikisa kila shina la valvu ndani ya mrija wake. Likiyumba, mrija umelika, na kiti kipya hakitadumu juu ya mrija mbovu.

Kiti kilichozama sana hakiponi kwa kusagwa. Kukisaga huzidi kukizamisha. Dawa yake ni kuchimba mahali pake kwa mashine na kupachika pete ya chuma kigumu, kisha kuikata kwa pembe ya nyuzi 45. Kwa kawaida hufanywa kwa valvu 4 za kutolea moshi, kwani zile za kuingiza hupozwa na petroli na hewa baridi. Kazi hii si ya nyundo wala ya kubahatisha: fundi akichimba kupita kiasi hutokea kwenye njia ya maji, na hedi huharibika.

Kabla ya kulipa, omba ujaribio mmoja. Hedi iliyokwisha kufungwa valvu na plagi ilazwe kifudifudi, vyumba vikitazama juu, na kila kimoja kitiwe mafuta ya taa. Baada ya dakika chache chungulia matundu ya pembeni. Yakiwa makavu, valvu zimefunga. Yakilowa, kazi haijaisha, na fundi mwaminifu hatakasirika kuonyeshwa.

Wakati wa kurudisha, tumia gasketi mpya, kaza nati kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, mpaka nguvu ya paundi-futi 40, kisha upime mwanya tena. Wako watakaokushauri ubadili gasketi peke yake ili kuokoa fedha. Gasketi haiwezi kuinua valvu iliyozama. Atakayefunga hedi bila kuipima huenda akalipa mara mbili: leo gasketi, kesho valvu iliyoungua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na injini nayo ni vivyo hivyo.