Mtungi wa Mpiga Mbizi Upimwe Majini



Huenda mtu akauliza, watu wa reli wana nini na mitungi ya hewa ya wapiga mbizi? Jibu ni kwamba tangu 1948 mpaka 1969 reli na bandari za Afrika Mashariki zilikuwa chini ya shirika moja, na mtu anayeshuka chini ya meli kukagua chuma ni fundi kama sisi. Tena mambo ya chuma na hewa iliyoshindiliwa twayajua karakanani.

Neno letu ni hili: mfanyi kazi asipewe mtungi wa zamani wa chuma kabla haujapimwa ndani ya maji ya bahari, ukiwa umejaa na ukiwa mtupu, na hesabu yake kuandikwa juu yake.

Wengi hudhani kwamba mtungi ulio mzito nchi kavu ndio mzito majini. Sivyo. Kitu kikizamishwa, maji hukiinua kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yale yaliyosukumwa kando. Basi lazima kutazama uzito na ukubwa pamoja.

Tutwae mfano wa Marekani. Katika miaka ya 1950 na 1960 mtungi uliotumika sana huko ulikuwa wa chuma, wa futi za ujazo 72. Ukiwa mtupu una kilo 13 hivi. Baadaye ukaja wa alumini wa futi 80, wenye kilo 14 na kidogo. Begani, wa alumini ndio mzito. Lakini majini, yote miwili ikiwa mitupu, wa chuma huelea kwa nguvu ya kilo 1 hivi, na wa alumini kwa kilo 2 hivi, kwa sababu umbo lake ni kubwa zaidi. Tena iko mitungi mingine ya chuma, yenye kuta nene, ambayo huzama hata ikiwa mitupu.

Hewa nayo ina uzito. Mtungi ule wa 72 ukijaa hubeba karibu kilo mbili na nusu za hewa. Kwa hiyo kazi ikianza huzama, na kazi ikiisha huelea.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu aliyezoea mtungi wa kuta nene hufunga risasi chache mshipini. Kesho akipewa wa 72 bila kuambiwa, hushuka vizuri, lakini hewa ikipungua mtungi humvuta juu. Saa ile ndiyo anayopaswa kutulia mita 5 chini ya maji, dakika 3, ili naitrojeni itoke mwilini polepole. Akipanda kwa haraka, mapovu huingia katika damu, na mtu aweza kulemaa au kufa. Na aliyezoea wa alumini, akipewa mzito bila kupunguza risasi, huzama kupita kiasi na kuchoka upesi.

Wasimamizi wengine watasema, mtungi una chapa ya kupimwa, wataka nini tena? Huko Marekani mtungi hupimwa kwa nguvu ya maji kila miaka 5, na mwezi na mwaka hupigwa chapa begani mwake. Ni jambo jema. Lakini chapa ile yasema kwamba chuma hakitapasuka. Haisemi kama kitaelea au kitazama.

Wala gharama si kisingizio. Chahitajiwa mizani ya kutundika kama ya wauza samaki, pipa la maji ya bahari, vipande vya risasi vya uzito unaojulikana kwa mitungi ielayo, na rangi ya kuandikia. Mtungi upimwe pamoja na vali yake, maana vali nayo ni uzito.

Basi ndugu mnaofanya kazi majini, mkipewa mtungi usio na hesabu hiyo, ulizeni kabla ya kuuvaa. Kazi ya dakika kumi pwani isiachwe ikagharimu maisha ya mtu.