Twiga Alipewa Chelezo

Kuanzia Desemba 2020 hadi Aprili 2021, Ziwa Baringo lilikuwa na abiria wa ajabu. Maji yalikuwa yamepanda mpaka Longicharo ikawa kisiwa, na twiga waliokuwa huko wakabaki wamezingirwa. Jamii ya Ruko, KWS na wafadhili wakaleta chelezo cha chuma kilichoelea juu ya mapipa matupu, wakawavusha hadi nchi kavu. Tisa kwa jumla, ndama akiwemo. Dunia nzima ikatazama. Ilikuwa kazi safi na sina neno baya juu yake.

Neno langu ni kuhusu yule asiye na shingo.

Huku Nakuru tunaye kalunguyeye. (Wengi humwita nungunungu, ambaye ni mwingine kabisa, mkubwa, wa miiba mirefu. Hata jina tumemnyima.) Yuko Kiamunyi, yuko Lanet, yuko Njoro, popote palipokuwa shamba juzi na leo ni ploti za hamsini kwa mia. Hutoka usiku kula mchwa, minyoo na konokono, kazi ambayo wewe unainunulia dawa agrovet. Akiogopa hujikunja akawa mpira wa miiba. Mbinu hiyo imemlinda miaka na mikaka. Mbele ya Probox inayotoka Njoro saa tatu usiku, haimsaidii chochote.

Na akinusurika? Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Anaokotwa, anapigwa video, anatiwa kwenye beseni, anawekewa maziwa. Siku ya tatu stori inakatika na hakuna anayeposti mwisho wake. Maziwa ya ng'ombe humharisha, na mnyama wa nusu kilo hana maji mengi ya kupoteza. Ukimkuta mchana amelala wazi, baridi, anayumbayumba, huyo ana shida: sanduku, kitambaa, giza, joto kidogo, maji kwenye kisahani, halafu mtu anayejua kazi. Ukimkuta usiku anajiendea zake, mzima, mwache. Kama yuko barabarani, mvushe upande aliokuwa akielekea, urudi nyumbani. Hiyo ndiyo rescue yote.

"Lakini tunampenda." Mnapenda likes. Huko Marekani jamii yake hufugwa na kuuzwa kama paka, fasheni ikaruka mpaka kwenye simu zetu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haina habari na fasheni: kumweka mnyama wa porini bila kibali ni kosa, awe ndovu au awe wa kukaa kiganjani.

Sasa niwatetee kidogo. Unatakiwa upigie KWS. Sawa, piga. Lakini kuna nyati aliyetoka mbugani, kuna kiboko Naivasha anayetisha wavuvi. Nani atawasha Land Cruiser kwa ajili ya kalunguyeye? Simlaumu askari. Tumejenga mfumo wenye wanyama wa tiketi na wanyama wa bure. Ndege mbuai angalau wana kituo Soysambu, kando ya Elementaita, kinachotibu tai na bundi. Ingawa bundi akianguka Kaptembwo, lazima kwanza apone mawe ya watoto walioambiwa ni mkosi. KSPCA wapo tangu 1910, na mbwa na punda wa nchi hii wanatosha kuwajaza mikono. Kalunguyeye, kinyonga, kobe aliyekanyagwa, hao hawana kwao.

Naijua hoja inayokuja: watu wanalala njaa, wewe unalilia panya wa miiba? Kwa kawaida husemwa na mtu aliyetoka kula choma sasa hivi. Maji yaleyale yaliyowazingira twiga yalifukuza familia nyingi Baringo, na sikusikia mtu akisema basi twiga wazame. Hoja ya njaa huwa inawafikia wadogo tu.

Na tunachohitaji si chelezo. Nakuru ni jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021. Egerton, pale Njoro, wanafundisha udaktari wa mifugo. Kaunti imeajiri madaktari wa mifugo. KWS wako hapa hapa, ukutani kwa mji. Kinachokosekana ni chumba kimoja, masanduku machache, nambari inayopokewa usiku, na kibali cha pamoja ili daktari akiletewa kobe asianze kwa kujiuliza kama atashtakiwa. Gharama yake haifiki ya bango moja la "Karibu Nakuru City".

Kila mwaka kaunti huita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti. Huwa wanakuja wazee wa barabara, wazee wa maji, na viti vingi vitupu. Safari hii nitakuwa pale na ukurasa mmoja wa ombi. Wale wenye wafuasi elfu kumi kwa jina la kalunguyeye, njooni mkae nyuma yangu. Yeye mwacheni nyumbani kwake.