Mbegu ya Chungwa la Dukani

Mtu anunuapo chungwa sokoni akaliona tamu kupita mengine, mara nyingi hazitupi mbegu zake. Huzifunga katika karatasi, akaenda nazo nyumbani, akazipanda katika kopo au pembeni mwa shamba, akitumaini kwamba siku moja atakula machungwa yale yale bila kutoa senti. Karani wa mjini hufanya hivyo, na mkulima wa kijijini hali kadhalika. Je, tumaini hilo lina msingi? Yafaa tulijibu swali hili kwa makini, kwani mchungwa si kama mahindi. Mahindi yakikuvunja moyo, umepoteza msimu mmoja. Mchungwa ukikuvunja moyo, waweza kupoteza miaka kumi pamoja na nafasi ya ardhi uliyoupa.

Wazee husema kuwa mtu huvuna alichopanda. Katika miti ya matunda neno hilo si kweli daima. Mbegu ya parachichi, kwa mfano, mara nyingi huzaa mti usiofanana na mama yake. Lakini mchungwa una tabia ya ajabu. Ndani ya mbegu yake moja mara nyingi mna viini viwili, vitatu au zaidi. Huenda kimoja kikawa kimetokana na chavua iliyoletwa na nyuki. Hivyo vingine vimetokana na mwili wa mama peke yake, navyo hufanana naye kama pacha. Ndiyo sababu waweza kupanda mbegu moja ukaona miche miwili ikichomoza. Kwa hiyo mbegu ya chungwa tamu kwa kawaida hutoa chungwa tamu. Ndimu ndivyo ilivyo pia, na mdimu uliopandwa kwa mbegu hauchelewi sana kuzaa. Furungu silo hivyo: mbegu yake ina kiini kimoja tu, chenye damu ya baba na ya mama, wala hujui utakachopata mpaka mti uzae.

Basi kama mbegu ya chungwa ni ya kuaminika, ubaya uko wapi? Uko katika muda. Mche utokao katika mbegu ni mtoto kweli kweli, na utoto wake ni mrefu. Hurefuka, huota miiba mingi, na huenda ukakaa miaka saba, minane, hata kumi na zaidi bila kutoa ua. Mwenye ekari mbili, mwenye karo ya kulipa, hawezi kungoja kiasi hicho. Tena mizizi ya mchungwa mtamu ni dhaifu mbele ya ugonjwa wa ukungu uishio katika udongo wenye maji mengi, ambao huozesha gome karibu na ardhi na kutoa utomvu.

Dawa ya mambo haya ni kubebesha, yaani kulitwaa jicho la mti mzima unaozaa vizuri na kulipachika katika shina la mche mwingine. Jicho hilo limekwisha kupita utoto, kwa hiyo mti huo huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Nguvu ya kazi hii yaonekana katika chungwa lile la dukani lenye kitovu, ambalo halina mbegu. Miche ya aina hiyo ilitoka Bahia, nchini Brazil, na mwaka 1873 miwili ikapandwa Riverside, California, na Bibi Eliza Tibbets. Kwa kuwa haikuwa na mbegu, ilienezwa kwa majicho tu, mpaka ikajaza mashamba ya nchi nyingi.

Sasa tuone kazi ya mbegu. Yakupasa kuipanda ingali mbichi, kwa maana ikikauka sana hufa. Ioshe utelezi wake, uifukie sentimita moja na nusu, uiwekee kivuli na unyevu. Itachomoza baada ya wiki tatu au nne. Mbegu ikitoa miche kadha, uache wenye nguvu, kwani huo kwa kawaida ndio pacha wa mama. Kwa ajili ya mizizi, iliyo bora katika sehemu kavu ni mbegu ya limau lile lenye ganda la vinundu, maana mizizi yake huvumilia ukame. Ila lisipandwe mahali panapotuama maji. Mdanzi usiutumie: tangu miaka ya 1930 ugonjwa uitwao tristeza, uenezwao na vidukari, uliua mamilioni ya miti kule Brazil iliyokuwa imebebeshwa juu ya mdanzi, nao ugonjwa huo umo katika Afrika pia. Shina likifika unene wa penseli, pachika jicho sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi, ulifunge kwa utepe wa plastiki, na baada ya wiki tatu ulifungue. Kila tawi lichipukalo chini ya jicho ulikate. Ukiliacha, litaushinda mti wako, nawe utavuna malimau makali mahali pa machungwa.

Lakini nina onyo, nalo ndilo zito kuliko yote. Mbegu haibebi tristeza, wala haienezi ule ugonjwa wa kufanya machungwa yabaki kijani. Jicho hubeba yote mawili. Ugonjwa huu wa pili umeharibu michungwa mingi katika sehemu zetu za milima yenye baridi, na huenezwa na mdudu mdogo anyonyaye majani machanga. Majani hupata madoa ya manjano yasiyolingana pande mbili. Matunda huwa madogo, yaliyopinda, machungu, yenye mbegu zilizosinyaa. Hauna tiba. Mtu akatapo kijiti katika mti wa jirani kwa kuuona tu umestawi, huenda akauleta ugonjwa huo shambani mwake kwa mkono wake mwenyewe, na kutoka hapo ukaenea kijiji kizima. Kwa hiyo majicho yatoke katika kitalu kilichosajiliwa na kukaguliwa, nawe umwulize bwana shamba wako kabla ya kununua. Mche wa bei rahisi uuzwao kando ya njia, usiojulikana mama yake, ni ghali kuliko uonekanavyo.

Basi, ndugu msomaji, usizitupe mbegu za chungwa lako tamu, wala usizitegemee kupita kadiri yake. Ukiwa na nafasi ya mti mmoja uani na moyo wa kungoja, zipande. Watoto wako watakushukuru. Ukitaka shamba la kuuza, panda mbegu za limau kwa ajili ya mizizi, ununue majicho yaliyo safi, uyaunganishe mwenyewe au umlipe fundi. Subira huvuta heri, lakini subira ya mkulima mwenye maarifa ni ya miaka mitatu, si kumi.