Je, Kicheko Chafundisha?

Mzazi mmoja wa hapa Kasungami alinisifu juma lililopita: “Mwalimu, mtoto wangu hurudi nyumbani akicheka. Kweli wafundisha vizuri.” Nilimshukuru, lakini sifa ile ilinichoma.

Sababu ni hii. Niliwafundisha wanafunzi kwa nini vitu huelea majini. Nikawasimulia habari za Archimedes, yule mtaalamu Mgiriki wa kale, ambaye husemwa alitoka bafuni mbio, uchi, akishangilia jambo alilovumbua. Darasa zima likaangua kicheko, nami nikajiona hodari. Siku ya mtihani nikauliza: kwa nini msumari huzama, na meli ya chuma huelea? Wengi walimkumbuka mtu uchi. Maji yanayosukumwa kando, na uzito wa maji hayo, hawakuyakumbuka.

Nikarudia somo kwa beseni, msumari na kopo tupu la samaki. Kila kikundi kilitakiwa kusema kwanza litakalotokea, kisha kujaribu, kisha kueleza. Walibishana, wakakosea, wakachoka. Mmoja akanung’unika kwamba siku hiyo mwalimu hakufundisha kitu!

Msidhani ni ujinga wa watoto wetu. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitoa habari za jaribio lao katika somo la fizikia. Wanafunzi wale wale walifundishwa kwa njia mbili. Walipomsikiliza mhadhiri hodari, waliamini wamejifunza zaidi. Walipotoa jasho wakitatua maswali pamoja, walidhani wamepata kidogo. Mtihani ulionyesha kinyume. Maneno laini hupita masikioni bila kikwazo, nasi twadhani yamekaa.

Basi tukifukuze kicheko? Hata kidogo. Watu wazima wa Lubumbashi wanamkumbuka Mufwankolo na kundi lake la maigizo ya Kiswahili. Mwaka 1986 walitunga mchezo mzima kutokana na msemo mmoja tu, kwamba mamlaka huliwa mazima. Katika maigizo ya namna hiyo kinachochekesha ni jambo lenyewe. Anayecheka amekwisha kulifahamu. Kicheko changu cha bafuni kilisimama kando ya somo, kama mgeni asiyejua amefuata nini.

Yule mzazi nimemwomba amwulize mwanawe jioni, penye sufuria ya maji, kwa nini kopo laelea. Mtoto akishindwa, sifa zake nitamrudishia.